Laptopu Imefungwa na BitLocker? Tafuta Ufunguo Kabla ya Kutafuta Fundi

Umewasha laptopu asubuhi ulinganishe floti na kitabu cha jana, na badala ya picha uliyoizoea unakutana na skrini ya buluu. Juu imeandikwa "BitLocker recovery". Chini kuna kisanduku kinachosubiri nambari yenye tarakimu 48. Si PIN unayotumia kufungua laptopu kila siku, wala si paswadi ya imeili. Ni tarakimu 48 ambazo hukumbuki kupewa na mtu yeyote.

Sisi si kampuni ya kompyuta. Lakini skrini hii hutufikia kwa njia ya kuzunguka. Wakala wa Kitale au mwenye duka la jumla Bungoma anatuandikia akiomba taarifa ya miamala ya miezi sita, na tukiuliza kama aliyopakua mwanzoni imepotea, anasema haijapotea, iko ndani ya laptopu, laptopu ndiyo imekataa kufunguka. Taarifa ya miamala tunaweza kumpa, na tutaeleza jinsi gani hapa chini. Ila kuna watu wanalipa fundi kwa kazi isiyowezekana, na kuna wengine wanafuta diski nzima ilhali ufunguo wangeupata kwa simu yao wenyewe kwa dakika tano. Hao wa pili ndio wanatuuma zaidi. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu BitLocker.

PIN yako na ufunguo huu havifanani

Ukisahau PIN ya pesa kwa simu, unakasirika kidogo halafu unatafuta kitambulisho. Unatupigia, tunahakikisha wewe ni wewe, unaweka PIN mpya, maisha yanaendelea. Hilo linawezekana kwa sababu pesa yako haikai ndani ya simu. Haikai kwenye laini pia. Pesa yenyewe iko benki, katika akaunti ya amana ambayo kanuni za mfumo wa malipo za mwaka 2014 zinataka itengwe na pesa za kampuni, na daftari linaloonyesha nani ana ngapi liko kwenye seva. Simu ni mlango tu. Ndiyo maana ikiibwa siku ya soko pale Chwele, unaenda Bungoma mjini na kitambulisho, unarudishiwa laini, na salio unalikuta vile uliliacha.

Diski iliyofungwa na BitLocker ni jambo tofauti kabisa. Hapo hakuna mlango na mlinzi anayekujua. Kilichofanyika ni kwamba maandishi yenyewe yamebadilishwa. Kila faili uliyohifadhi, iwe ni orodha ya wadaiwa, picha za harusi au risiti za mbolea, imevurugwa kwa hesabu maalum mpaka ikawa takataka isiyosomeka, na ni ufunguo mmoja tu unaoweza kuirudisha ilivyokuwa. Huo ndio usimbaji fiche. Fundi akitoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, ataona diski ipo na ukubwa wake, lakini ndani haoni kitu. Hata Microsoft, waliotengeneza BitLocker, wanasema wazi kwamba wafanyakazi wao hawawezi kukutengenezea ufunguo uliopotea. Kama haukuhifadhiwa mahali, haupo.

Kwani si mtu ajaribu-jaribu mpaka upatikane? Tulipiga hesabu. Funguo zinazowezekana ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ikiandikwa ina tarakimu 39. Kompyuta inayojaribu funguo bilioni moja kila sekunde, ingekuwa imeanza siku ulimwengu ulipoumbwa, leo haingekuwa imemaliza hata sehemu moja kwa bilioni ya kazi hiyo. Fundi wako ni mzuri, lakini si mzuri hivyo.

Na si watu wa kijijini pekee wanaopatikana na haya. Kuna mtaalamu wa programu huko Marekani, Stefan Thomas, ambaye habari zake zilichapishwa na New York Times Januari 2021. Alikuwa na bitcoin 7,002, na funguo za kuzifikia ziko kwenye flashi iliyosimbwa aina ya IronKey. Karatasi aliyoandika paswadi ya flashi hiyo ilipotea. Flashi ile inaruhusu kujaribu mara 10 tu kabla ya kujifunga kabisa, na wakati huo alikuwa ameshatumia nafasi 8. Mtu anayejua kompyuta kuliko karibu kila mmoja wetu, na kilichomkwamisha ni karatasi.

"Lakini mimi sikuwasha kitu kama hicho"

Tunakuamini. Windows huwasha yenyewe. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina chipu ndogo iitwayo TPM kwenye ubao mkuu, na mtu anapoingia kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, Windows husimba diski kimyakimya na kuweka ufunguo ndani ya chipu hiyo. Kila unapowasha, chipu inaangalia kama mashini ni ile ile ya jana. Ikiridhika, inafungua bila kukuuliza. Unaweza kukaa miaka mitatu hujui diski yako imesimbwa. Toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, lililotoka Oktoba 2024, lilipanua jambo hili likafikia mashini nyingi zaidi, hasa zilizo mpya au zilizowekwa Windows upya. Na kwa kuwa Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa Microsoft Oktoba 14, 2025, ukipeleka laptopu kwa fundi siku hizi aghalabu unarudishiwa ikiwa na Windows 11.

Chipu ikiona kitu kimebadilika, inakataa kufungua na kumwachia binadamu athibitishe. Hapo ndipo skrini ya buluu inakuja. Mabadiliko yenyewe huwa ya kawaida mno. Stima imepotea na kurudi kwa nguvu, ubao mkuu ukaungua, fundi akaweka mwingine: chipu ya zamani imeenda na ubao wa zamani. Au fundi aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashini ili iwake kutoka kwa flashi, akazima kinga moja inayoitwa Secure Boot na hakuirudisha. Au sasisho la kawaida tu. Julai 2024 sasisho moja la Windows liliwatupa baadhi ya watumiaji kwenye skrini hii bila wao kugusa chochote.

Kwa hivyo kabla hujaenda mbali, kumbuka ni nini kilifanyika kwa laptopu mara ya mwisho. Kama fundi alibadilisha mpangilio, akiurudisha jinsi ulivyokuwa huenda ikafunguka yenyewe. Kama flashi imebaki imechomekwa, itoe uwashe tena. Haya ni ya bure.

Ufunguo uko kwenye akaunti, lakini ya nani?

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Windows inapojiwashia usimbaji, ule ufunguo wa tarakimu 48 hutumwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeandaa mashini. Chukua simu, fungua intaneti, andika aka.ms/myrecoverykey, kisha ingia kwa imeili na paswadi ya Microsoft. Utaona orodha ya mashini na funguo zake. Kwenye skrini ya buluu kuna kitambulisho cha ufunguo, herufi na nambari. Linganisha 8 za mwanzo na zile zilizo kwenye orodha. Zikifanana, huo ndio wenyewe, andika tarakimu zake na laptopu itafunguka.

Ukiingia na ukute orodha ni tupu, usikate tamaa. Jiulize nani aliandaa hii laptopu siku ya kwanza. Windows 11 husumbua sana mtu asiye na akaunti, na fundi mwenye haraka huingiza imeili yake mwenyewe ili apite, anakuwekea jina lako kwenye skrini, unalipa, unaondoka. Ufunguo wako umeketi kwenye akaunti ya fundi. Au ni binamu aliyekuja likizo kutoka Eldoret akakusaidia "kuiset". Au ni kijana wa duka ulikonunua. Mpigie, na umuombe kwa adabu aangalie kwenye akaunti yake, maana pengine hata yeye hajui anao. Tunakusihi ufanye hivi kabla ya kuruhusu mtu yeyote afute diski.

Mwanafunzi wa Kibabii au wa Kitale National Polytechnic aliyeingia kwa imeili ya chuo, ufunguo wake unaweza kuwa kwenye akaunti hiyo ya chuo, si ile ya kibinafsi. Ingia myaccount.microsoft.com, tafuta sehemu ya vifaa, au nenda ofisi ya ICT ya chuo ukiwa umebeba laptopu yenyewe na kitambulisho chako. Hivyo hivyo kwa aliyepewa mashini na mwajiri. Ukimaliza kazi kwenye shirika na ukauziwa laptopu uliyokuwa ukitumia, ufunguo hauji pamoja na risiti. Uulize kabla akaunti yako ya ofisini haijafungwa.

Tafuta pia kwenye karatasi na flashi za zamani. Windows ikikuruhusu kuhifadhi mwenyewe hutengeneza faili ndogo ya maandishi ambayo jina lake linaanza na "BitLocker Recovery Key". Wengine waliichapisha na ikafungwa na risiti ya kununulia laptopu, kwenye boksi lililo juu ya kabati.

Halafu kuna shida ya laini, ambayo sisi tunaiona kila siku kwa upande wetu. Imeili ya Microsoft umeikumbuka, paswadi umeisahau, na Microsoft inataka kutuma msimbo kwa nambari ya simu uliyojisajili nayo mwaka 2019. Laini hiyo uliiacha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kuuziwa mtu mwingine, kwa hivyo msimbo wako unaenda kwa mgeni. Ukiomba Microsoft ibadilishe maelezo yako yote ya usalama kwa mara moja, inakusubirisha siku 30 kabla ya kukuruhusu. Zinachosha, ndiyo. Lakini zinaisha, na ufunguo utaukuta. Mtu aliyefuta diski siku ya pili kwa kukosa subira hana cha kungojea.

Tarakimu moja ikiwa imefutika

Huu tuliupenda sana tulipoujua, na hatujaona wengi wakiueleza kwa Kiswahili. Ufunguo wa BitLocker ni makundi 8 ya tarakimu 6. Kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubakisha kitu, na lazima liwe chini ya 720,896. Kwa hivyo kundi haliwezi kuanza na 8 wala 9. Ukisoma mwandiko wako na kuona linaanza na 9, hiyo ni tarakimu nyingine iliyoandikwa vibaya.

Na kama tone la chai limefuta tarakimu moja kwenye kundi, toa kikokotoo. Tuseme unaona 1357, halafu alama isiyosomeka, halafu 5. Jaribu 0 mpaka 9 katika nafasi hiyo, kila mara ugawanye kwa 11. Ni 135795 pekee inayotoa jibu kamili, yaani 12345. Katika kila kundi, tarakimu moja iliyopotea ina jibu moja tu. Zikipotea mbili kwenye kundi moja kuna majibu kadhaa, inakuwa kazi zaidi lakini si mwisho. Ukipoteza karatasi nzima ndiyo hapo hesabu haisaidii.

Wanaosema wanaweza kufungua

Mtandaoni utapata watu wanaotangaza kwamba wanafungua BitLocker kwa ada ndogo, utume nusu kwanza kwa simu. Baada ya nusu itakuja "ada ya programu", kisha "ada ya seva". Sasa unajua hesabu ya tarakimu 39, kwa hivyo unajua wanauza nini. Ukishatuma, tupigie mara moja kuomba urejeshaji. Kadiri dakika zinavyopita ndivyo pesa inavyozidi kutolewa upande wa pili, na ikishatolewa hatuna tena cha kurudisha.

Tofautisha hao na fundi wa kweli anayekwambia, "Faili siwezi kutoa, lakini mashini naweza kuiwekea Windows upya." Huyo anasema ukweli. Laptopu haijafa. Diski pia haijaharibika, kwa hivyo usikubali kuuziwa nyingine kwa sababu ya skrini hii. Kinachopotea ni vilivyomo ndani. Na kama faili ni za maana sana na bado unatumaini kupata ufunguo, basi hapo ndipo kununua diski nyingine kuna maana: ile ya zamani itolewe, iwekwe kwenye bahasha, iandikwe tarehe. Kumbuka tu kuweka pamoja nayo picha ya skrini ya buluu, yenye kile kitambulisho cha ufunguo.

Kurudisha rekodi za biashara

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mahindi Kitale. Msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba, anapokea magunia kutoka Kiminini, Kwanza, mpaka huko Kamukuywa upande wa Bungoma. Wakulima wengine analipa papo hapo kwa simu. Wengine anawaandikia, atawalipa akishauza. Yote yako kwenye karatasi moja ya Excel. Ikifungwa Novemba, hajui anamdai nani wala anadaiwa na nani, na kuna watu wanangojea hiyo pesa walipe karo Januari.

Kilichopita kwa simu kipo. Omba taarifa ya miamala kupitia menyu yetu au programu, chagua miezi unayotaka, weka imeili unayoweza kuifungua kwa simu. Kama una tili, iombee taarifa yake peke yake, kwa maana haichanganywi na ya laini yako ya kibinafsi. Wengi husahau hapo na kudhani miamala imepungua. Faili tunayotuma nayo imesimbwa, na msimbo wake unakuja kwa ujumbe mfupi. Uandike mahali, la sivyo tutarudi hapa tena. Kwenye taarifa hiyo utapata tarehe, kiasi na jina la aliyepokea au aliyetuma, na kwa majina hayo unaweza kujenga upya nusu ya ile Excel kwa jioni mbili.

Benki itakupa yake. Ulizowasilisha KRA ziko iTax, na kama unatoa ankara kwa eTIMS, hizo pia ziko kwao. Risiti za NCPB, kama ulipeleka magunia huko, zina nambari. Picha za daftari ulizomtumia mke au mume kwa WhatsApp bado ziko kwenye simu yake. Usiidharau kazi hii ukidhani ni ya hiari, kwa maana sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka rekodi za biashara ziwekwe miaka 5, na "laptopu ilijifunga" si jibu litakalomridhisha mkaguzi.

Deni la mdomo na la taslimu, hilo hatunalo, wala hakuna ofisi iliyonalo. Huna budi kuwaendea wakulima wenyewe, na uende mapema, kabla uvumi haujafika kwamba unajifanya umepoteza kitabu. Mwambie mzee, "Mashini imenifungia, naomba tukumbushane magunia yalikuwa mangapi." Kuna watakaoongeza gunia. Ila wengi wana kijikaratasi chao, na wanakumbuka uzito kuliko wewe.

Basi nizime huu usimbaji?

Tungekushauri usizime. Laptopu ya wakala ina majina, nambari za simu na pengine nambari za vitambulisho vya wateja. Ikiibwa kwenye matatu kati ya Kitale na Webuye, na diski haijasimbwa, mwizi haihitaji hata paswadi yako. Anaitoa diski, anaichomeka kwingine, anasoma kila kitu, na wateja wako wanaanza kupigiwa simu na matapeli wanaojua majina yao yote matatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde taarifa hizo, na inataja usimbaji miongoni mwa njia za kufanya hivyo. Skrini ile inayokuudhi leo ndiyo ingemzuia mwizi.

Cha kufanya ni kuutoa ufunguo sasa, wakati laptopu bado inafunguka. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika "BitLocker" au "Device encryption" uone kama imewashwa. Ukipewa nafasi ya kuhifadhi ufunguo, chapisha au weka kwenye flashi. Usipopewa, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike manage-bde -protectors -get C: kisha ubonyeze Enter. Tarakimu 48 zitatokea hapo, pamoja na kitambulisho chake. Ziandike kwa mkono ukitaka, kisha ugawanye kila kundi kwa 11 kuhakikisha hukukosea. Ukiona hapo kwamba akaunti iliyoingia kwenye Windows ni ya fundi, weka ya kwako na ya kwake uiondoe, lakini karatasi uwe umeshaandika kabla.

Utaiweka wapi hiyo karatasi? Kuhusu PIN tumekwambia kila mara: usiandike, usimwambie mtu, hata sisi tukikupigia ujue si sisi. Ufunguo huu ni kinyume chake. Hauwezi kuukariri, na ukiwa kichwani pekee utapotea. Aliye na PIN yako na laini yako ana pesa yako, lakini aliye na tarakimu hizi 48 bila laptopu hana kitu. Kwa hivyo unaweza kumpa dada yako nakala, au mweka hazina wa chama kama rekodi ni za chama. Nyingine ikae nyumbani na hati ya shamba. Mahali pabaya ni mbili tu: ndani ya laptopu yenyewe, na ndani ya mkoba wa laptopu, kwa sababu mwizi atavichukua pamoja.

Kabla ya kumpelekea fundi kazi yoyote inayogusa ubao mkuu au Windows, mwambie diski imesimbwa na mwonyeshe kwamba ufunguo unao. Kwenye Windows za Pro kuna kitufe cha kusimamisha ulinzi kwa muda. Akitumie kabla hajaanza, kisha aurudishe akimaliza. Na kama umeenda saiba kuchapisha, ubaki hapo karatasi ikitoka. Futa faili kwenye kompyuta yao, uitoe pia kwenye pipa la taka, na uondoke kwenye imeili yako kabla hujainuka kwenye kiti.